Barabara Ndogo za Pemba Zisiachiwe Magari Peke Yake

Mgeni anayetangaziwa Pemba hutangaziwa bahari. Picha ni zile zile: maji ya buluu, matumbawe, kasa, ngalawa imesimama juu ya maji maangavu. Hakuna uongo katika picha hizo. Mkondo unaokitenga kisiwa hiki na bara una kina cha mamia ya mita, na wapiga mbizi huja kutoka mbali kuufuata. Lakini nchi kavu yenyewe, yenye vilima, mabonde ya mpunga, mikarafuu na magofu ya miji iliyokuwa ikifanya biashara na Uarabuni kabla Vasco da Gama hajazaliwa, imefanywa kuwa pa kupita tu, kati ya uwanja wa ndege na hoteli ya ufukweni. Mgeni huivuka ndani ya gari lililofungwa vioo, akafika pwani bila kujua amepita wapi.

Hasara hiyo si ya mgeni peke yake. Ni ya Pemba nzima, na dawa yake ipo tayari katika kila kijiji cha kisiwa hicho: baiskeli.

Pemba ina urefu wa takriban kilomita 67 na upana usiozidi kilomita 23 hivi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441. Hakuna kilima kinachofika mita 150 kutoka usawa wa bahari. Kwa gari vipimo hivyo ni vidogo mno, kwani dereva akishaanza kunogewa na safari, nchi imekwisha. Kwa baiskeli vinatosha kabisa. Anayetoka Chake Chake baada ya chai ya asubuhi anaweza kufika kwenye karibu kila gofu lililo katikati ya kisiwa, akakaa, akauliza maswali, akanywa dafu na kurudi kabla ya magharibi.

Vilima havidanganyi, hata hivyo. Asiyeijua Pemba akisikia mita 150 hudhani ni tambarare. Upande wa magharibi ardhi imekunjwakunjwa: barabara inashuka bondeni penye mpunga na mkondo wa maji, inapanda upande wa pili kwa mwinuko mkali, kisha inashuka tena kabla pumzi haijarudi. Atokaye bandarini Mkoani, meli ya Unguja inapotia nanga, huanza kupanda tangu mita za mwanzo. Wenyeji wana baiskeli nzito zisizo na gia, na penye mwinuko mkubwa hushuka wakazikokota bila aibu, wakizungumza. Upande wa mashariki mambo ni mengine. Huko ni uwanda, nchi ya mawe na udongo mwembamba, mikarafuu hupungua, muhogo na vichaka huchukua nafasi, na njia hunyooka. Kwa siku moja mpanda baiskeli anaweza kuonja nchi mbili zisizofanana, na tofauti yake ataijua kwa mapaja kabla ya kuijua kwa macho.

Kilichoifanya nusu ya magharibi iwe kijani namna ile ni karafuu, na karafuu ina historia isiyopaswa kusahauliwa na yeyote anayepita katika kivuli chake. Aprili 1872 kimbunga kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba iliponea kwa kiasi kikubwa, na tangu wakati huo ndiyo iliyobeba zao hilo. Mashamba yalifanyiwa kazi na watumwa hadi utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na mwaka huo huo wamisionari wa Kiquaker kutoka Uingereza walianzisha kituo pale Banani, karibu na Chake Chake, kwa ajili ya watu waliokuwa wakitoka utumwani. Leo serikali ndiyo mnunuzi kupitia Shirika la Biashara la Taifa, na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hupelekwa kwenye kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta. Msimu wa kuchuma unapofika, familia huanika karafuu kwenye majamvi nje ya nyumba na hata kando ya lami, zikageuka rangi siku baada ya siku. Aliye ndani ya gari hupata harufu kwa sekunde chache. Aliye juu ya baiskeli huisikia kilomita nzima, na ataona mikono inayozigeuza ni ya nani.

Sasa Pujini. Kama kuna safari moja inayoweza kumthibitishia mwenye shaka kwamba Pemba na baiskeli vinafaana, ni ya kutoka Chake Chake kwenda Pujini, kama kilomita 10 kuelekea kusini mashariki. Njia hiyo huacha mji na vilima vyake, ikaingia kwenye mashamba, ikaelekea nchi tambarare iliyo karibu na mkono wa bahari. Magari ni machache. Watoto ni wengi, na wote wanasalimia.

Mwisho wa njia kuna mabaki ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye masimulizi humtaja pia kwa jina la Muhammad bin Abdulrahman. Jengo lenyewe huhusishwa na karne ya 15 au 16. Kuta zake na boma la udongo lililozizunguka zimemomonyoka na kumezwa na miti, na mgeni asiye na wa kumwonesha anaweza kusimama katikati ya ngome akadhani yuko kichakani. Wazee husimulia kwamba mtawala huyo aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Husimulia pia habari ya kisima kilichogawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane: mmoja aliteremka kwa ngazi kuchota, mwingine aliteka kwa ndoo na kamba kutoka juu. Ukuta unaonekana. Ngazi zinaonekana. Msikilizaji ataamua mwenyewe ni kiasi gani cha hadithi kimo ndani ya mawe.

Wanaakiolojia nao waliongeza jambo ambalo hadithi haikulisema waziwazi. Adria LaViolette na wenzake, waliofanya kazi hapo tangu miaka ya 1980 na 1990, walieleza chumba kilicho chini ya ardhi chenye pambo la siwa lililochongwa kwenye plasta ya ukuta. Siwa ni pembe ya enzi. Kwa watu wa mwambao, kuanzia Lamu na Pate hadi huku, haikupigwa ovyo. Ilikuwa alama ya mamlaka na heshima ya mji. Kuikuta imechongwa chini ya ardhi ndani ya ngome ya mtu anayekumbukwa kwa ukatili kunamfanya mtu afikiri upya kuhusu mtawala huyo na kuhusu yale aliyoyaficha au kuyaheshimu. Hazina ya namna hiyo ingekuwa katika nchi nyingine, njia ya kuifikia ingechorwa kwenye kila ramani ya wageni. Hapa mgeni hufika kwa kuulizauliza.

Kuulizauliza kuna raha yake, ndiyo. Lakini kisiwa hakiwezi kujenga riziki ya watu juu ya bahati ya kukutana na mzee anayejua.

Magharibi ya Chake Chake kuna rasi ndefu nyembamba inayoingia baharini, na kwenye ncha yake ni Ras Mkumbuu. Huko kuna mabaki ya msikiti na makaburi ya nguzo. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapo katika miaka ya 1950, na mwenzake Mark Horton akarudi miaka ya 1980. Msafiri wa Kiarabu al-Mas'udi, aliyefika mwambao huu mwaka 916, aliandika habari za mahali panapoitwa Qanbalu, penye Waislamu miongoni mwa Wazanji. Watafiti wengi wanaitafuta Qanbalu hapa Pemba, na Ras Mkumbuu ni kati ya mahali panapotajwa zaidi. Njia hupita kijiji cha Ndagoni, na kipande cha mwisho ni cha kwenda kwa miguu. Wageni wengi hupelekwa kwa boti, wakashuka, wakapiga picha, wakaondoka. Wanaona magofu, lakini hawaoni rasi inavyozidi kuwa nyembamba, bahari ikitokea mkono huu kisha mkono ule, hata mtu akaelewa kwa nini wafanyabiashara wa kale walichagua ncha ile.

Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya ghuba ya Wete, hudai uvumilivu zaidi, kwa sababu njia ya miguu hutegemea maji kupwa. Mwaka 1984 wanaakiolojia walichimbua hapo zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, ndogo na nyepesi, pamoja na dinari za dhahabu za kutoka ng'ambo, zikiwemo za Wafatimi wa Misri. Sarafu za fedha zina majina ya watawala wa Kiislamu wa mwambao huu. Kumbe karne ya 11 hapa palikuwa na watu waliofua pesa zao wenyewe. Kila mwanafunzi wa Wete anayepita kwa baiskeli akiangalia ng'ambo ile anastahili kulijua hilo kabla ya kufundishwa habari za wafalme wa Ulaya.

Katika mji wa Chake Chake kuna ngome ya kale, na humo ndimo yalimo makumbusho ya Pemba. Iliyobaki ni sehemu tu, kwani kipande kikubwa kilibomolewa zama za ukoloni kupisha hospitali. Hospitali ilihitajika, hakuna anayebisha. Ila pale ndipo panapokumbusha kwamba kitu cha kale kikiwa katika njia ya kitu kipya, na hakuna aliyekitetea mapema, kipya hushinda.

Kipya cha leo ni barabara. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikizijenga upya barabara kuu za Pemba, na wananchi wameshangilia kwa haki. Mgonjwa wa Micheweni hatakiwi kurushwarushwa kwenye mashimo akipelekwa hospitali ya Chake Chake, Wete au ya Abdalla Mzee kule Mkoani. Mkulima anataka mzigo wake ufike bandarini. Anayeitetea baiskeli kwa kuipinga lami hajui anachosema, na pengine hajawahi kuendesha baiskeli kwenye kifusi wakati wa masika.

Suala ni aina ya barabara na ni zipi. Lami mpya, pana na iliyonyooshwa, huongeza mwendo wa magari. Barabara ya zamani, yenye kona na miembe iliyoinama juu yake, ilimlazimisha dereva wa daladala kupunguza. Ikinyooshwa, anayebaki pembeni ni yule yule aliyekuwa pembeni jana: mwanafunzi, mchuuzi wa samaki aliyefunga tenga kwenye karia, mama anayekwenda kliniki, kijana aliyebeba majani ya ng'ombe hata nyuma yake haioni. Watu hawa walikuwa waendesha baiskeli kabla mtalii yeyote hajafikiria kukodi moja. Mpango wowote wa njia za baiskeli Pemba ukianza na mtalii na kumwacha mwanafunzi, umeanza vibaya na utaishia vibaya.

Kwa hiyo barabara kuu zinapojengwa zipewe mabega mapana ya lami pande zote mbili, ya kutosha baiskeli kupita bila kukwepa gari, na mabega hayo yasigeuzwe maegesho. Na barabara ndogo, zile za kwenda Pujini, za vijijini kati ya Chake Chake na Wete, za kuzunguka Konde na Tumbe, zitunzwe kwa lami au changarawe nzuri bila kupanuliwa. Zibaki na kona zake. Zibaki na miembe yake, maana mti wa miaka mingi ukikatwa kupisha mita moja ya lami, kivuli chake hakirudi katika uhai wa aliyeukata. Zipate matuta penye skuli na mwendo wa gari uwekewe kikomo.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Basi na iangaliwe Ulaya ilifanya nini hasa, maana inafundisha jambo tofauti na linalodhaniwa. Limburg, mkoa wa Ubelgiji, ulikuwa nchi ya makaa ya mawe. Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka 1992 na watu walikosa kazi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1995, mkoa huo ulizindua mtandao wa njia za baiskeli uliobuniwa na Hugo Bollen, mhandisi aliyetoka migodini. Wazo lake lilikuwa rahisi mno: kila njia panda ipewe namba, nguzo fupi isimamishwe hapo, na nguzo hiyo ioneshe mshale wa kwenda kwenye namba za jirani. Mpanda baiskeli huandika namba zake kwenye karatasi, akaondoka. Mtandao huo ulizitumia sana barabara ndogo na njia zilizokuwapo. Leo mfumo huo wa namba umeenea Ubelgiji na Uholanzi na kuvuka hadi Ujerumani. Ufaransa nayo ina njia inayofuata mto Loire kwa takriban kilomita 900, ikipita miji yenye makasri ya wafalme kama Blois na Amboise, na vipande vingi vyake ni barabara za kawaida za mashambani zenye magari machache. Kilichoongezwa ni vibao, ramani na uangalizi.

Hiyo ndiyo sehemu inayopaswa kuwatia moyo watu wa Pemba. Barabara tulivu zipo. Vilima vipo, magofu yapo, watu wakarimu wapo. Kinachokosekana ni nguzo zenye namba, ramani moja iliyochapwa kwa Kiswahili na lugha za wageni, na mtu wa kuwajibika nguzo ikianguka.

Kaskazini ndiko ambako safari inakuwa ndefu na tamu kuliko kote. Kutoka Wete hadi Konde nchi bado ni ya vilima. Baada ya Konde barabara ya kwenda Makangale huingia katika msitu wa Ngezi, na ghafla hewa hubadilika. Ni kipande cha msitu wa asili uliowahi kufunika sehemu kubwa zaidi ya kisiwa. Kwa kuwa Pemba ilitengana na bara zamani mno, mkondo wenye kina ukiwa katikati, viumbe wake walipata muda wa kuwa wa kwao wenyewe: mpapindi, mnazi-mwitu usioota kiasili penginepo, bundi mdogo wa Pemba, njiwa wa kijani wa Pemba, na popo mkubwa wa Pemba. Anayepita kwa injini hawasikii ndege hao. Mbele ya msitu kuna fukwe za Vumawimbi, na kwenye ncha ya kisiwa, Ras Kigomasha, umesimama mnara wa taa wa chuma wa zama za ukoloni.

Ukirudi Konde na kushika njia ya mashariki unafika Tumbe, kwenye soko la samaki lenye kelele za mnada. Karibu na hapo ni magofu ya Chwaka, yenye msikiti na makaburi, na kaburi moja linahusishwa na Harun, anayesemekana kuwa mwana wa Mkama Ndume wa Pujini. Ardhi ya Tumbe yenyewe ina mabaki ya makazi ya kale zaidi, ya kuanzia karne ya 7 au ya 8, yaliyochunguzwa na LaViolette na Jeffrey Fleisher. Baba yuko kusini, mwana yuko kaskazini, na kati yao kuna siku nzima ya kupanda na kushuka. Safari ya kutoka Pujini hadi Chwaka ingeweza kuwa njia ya historia inayojulikana Afrika Mashariki nzima, kwa jina la familia moja na masimulizi ambayo watoto wa pande zote mbili bado wanayajua.

Tumbe, Konde, Ngezi na Makangale vyote vimo katika Wilaya ya Micheweni, wilaya ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitajwa katika takwimu kama maskini kuliko nyingine za Zanzibar. Magofu na msitu vimo mikononi mwa watu wanaovihitaji zaidi. Mgeni wa gari hufika Ngezi, hulipa kiingilio, huondoka. Mgeni wa baiskeli huona njaa. Hutaka mkate, chai, muhogo, chungwa, mahali pa kuoga na godoro la kulalia. Huharibikiwa na mnyororo, akamtafuta fundi chini ya mti. Kila udhaifu wa chombo chake ni senti inayobaki kijijini, na hapo ndipo baiskeli inapoishinda gari kwa hesabu ya mfuko wa mwanakijiji.

Mfano wa kwamba kijiji kinaweza kulisimamia jambo kama hili upo Pemba penyewe. Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, nje kidogo ya barabara, ni maskani ya popo wa Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hao waliwindwa kwa nyama hadi wakakaribia kutoweka. Elimu ikatolewa, vikundi vya wanakijiji vikaundwa kulinda miti wanayolala, na idadi ikapanda tena hadi maelfu kwa maelfu. Wageni huja Kidike kuwatazama wakining'inia mchana kwa makundi, na hulipa. Hakukuwa na hoteli ya nyota tano iliyotangulia. Kulikuwa na wanakijiji walioamua kwamba kilicho juu ya miti yao kina thamani kikiwa hai. Walinzi wa magofu ya Pujini, Chwaka na Ras Mkumbuu wangeweza kupatikana kwa njia hiyo hiyo: vijana wa kijiji waliofunzwa na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, wenye vitambulisho, wanaojua kusimulia, na wenye sehemu yao ya kiingilio iliyoandikwa waziwazi ili asitokee mtu wa mjini akaichukua.

Iko hofu nyingine, ya haki, inayosemwa na wazee wa Pemba kwa sauti ya chini: wageni watapita vijijini nusu uchi, wataingia penye makaburi na viatu, watapiga picha wanawake bila ruhusa, watakula hadharani mchana wa Ramadhani. Hofu hiyo isipuuzwe. Pemba ni nchi ya watu wenye dini yao na staha yao, na wana haki ya kuamua mgeni aingie vipi. Ila ni rahisi zaidi kumwambia adabu mtu aliye juu ya baiskeli kuliko aliye ndani ya gari la kioo cheusi. Huyu husimama, hutoa salamu na hujibiwa, na akikosea huambiwa pale pale na bibi aliyekaa barazani. Sheria za mavazi na mwenendo ziandikwe kwenye ramani yenyewe, kwa lugha ya wazi, na anayekodisha baiskeli azisome na mteja kabla ya kumpa kengele na pampu. Sehemu za kuswalia na makaburi yanayotumika yasiwe kwenye njia kabisa.

Kuna pia swali la wanawake na wasichana. Njia tulivu zikiwekwa kwa ajili ya wageni pekee, watakaoonekana wakiendesha ni wanawake wa kigeni huku msichana wa Kengeja au Kangagani akitembea kwa miguu saa nzima kwenda skuli kwa sababu wazazi wanaogopa magari. Barabara iliyopunguzwa mwendo huwaondolea wazazi hao sababu moja kubwa ya kukataa. Skuli zilizo kando ya njia hizo zipewe mahali pa kufungia baiskeli, na fundi aliye karibu apewe vifaa vya kuzitengeneza. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kilomita moja ya barabara kuu.

Wakati nao una maana yake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ni nyingi na njia za udongo hugeuka utelezi. Mgeni asiitwe wakati huo. Kipupwe, kuanzia Juni, ndicho cha kupanda vilima. Miezi ya mwishoni mwa mwaka huleta karafuu kwenye majamvi na, katika vijiji kama Chwale na Kengeja, mchezo wa ng'ombe ambao wengi huuhusisha na Wareno, na ambao ng'ombe huondoka hai. Kalenda hiyo yenyewe inatosha kuwa tangazo, bila picha hata moja ya ufukwe.

Kamisheni ya Utalii, wizara inayosimamia ujenzi na Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale hazihitaji kusubiri mradi mkubwa wa wafadhili. Zikae meza moja na masheha wa shehia zinazopitiwa, na zianze na kipande kimoja: Chake Chake hadi Pujini. Nguzo namba moja isimame mbele ya ngome ya Chake Chake, na ndani ya ngome hiyo kuwe na baiskeli zenye gia za kukodisha na ramani za bure. Katika kila njia panda iwekwe nguzo nyingine, hadi kwenye kisima cha Mkama Ndume, na hapo awepo kijana wa Pujini mwenye kitambulisho na ufunguo wa kibanda cha maji na kivuli. Magari yawekewe kikomo cha mwendo katika njia hiyo yote. Baada ya mwaka mmoja wahesabiwe waliopita, wageni na wenyeji kwa pamoja, waulizwe wauza chai na mafundi baiskeli wamepata nini, na wazee wa Pujini waulizwe wameridhika au la. Majibu yao ndiyo yaamue kama nguzo zinazofuata zielekezwe Ndagoni au Konde.